Jiko Lililopimwa Mara Mbili

Kwa miaka thelathini na moja wifi yangu alipima watu, na kwa miaka yote hiyo watu walimdanganya. Hawakumdanganya kwa maneno, walimdanganya kwa matumbo. Mteja akiona utepe unazunguka kiunoni, anavuta pumzi, anabana tumbo, anainua kifua, anasimama kama anapigwa picha ya kitambulisho. Wifi anasubiri. Anajitia kutafuta chaki. Anamwuliza mteja habari za watoto, habari za mvua, habari za goti lake la kushoto, mpaka mteja anajisahau na tumbo linarudi mahali pake. Hapo ndipo utepe unakaza. Kwa wale wabishi wasiojisahau alikuwa na maneno yake: "Simama unavyosimama. Nakushonea wewe, siishonei picha yako."

Watu walimwita Mama Futi, kwa sababu futi, yaani ule utepe wa kupimia, haikumtoka shingoni. Alikwenda nayo sokoni, alikwenda nayo msibani, na siku moja aliingia nayo bafuni akatoka imelowa. Mimi ni dada wa mume wake, na tangu alipoolewa na kaka yangu hatukuwahi kumaliza wiki bila kutupiana maneno. Mimi nina mdomo, najijua. Yeye hasemi sana, lakini akisema anachoma kama pini iliyosahauliwa kwenye upindo. Kaka alipofariki tulibaki wanawake wawili katika ua mmoja, yeye nyumba ya mbele, mimi chumba cha nyuma, na kamba ya kuanikia nguo katikati.

Alianguka akiwa kazini. Alikuwa anashuka ngazi za duka la vitambaa amekumbatia jora zima la kitambaa cha sare za shule, na hakuiona ngazi ya mwisho. Waliomwokota wanasema walipata kazi kulitoa lile jora mikononi mwake. Alilala hospitalini miezi mitano. Daktari alitueleza kwamba uti wa mgongo umeumia, na kuanzia kiunoni kwenda chini hakuna habari inayopanda wala inayoshuka. Ni kweli. Ukimfinya paja anakutazama tu, kana kwamba umefinya godoro. Alirudi nyumbani kwenye kiti cha magurudumu, futi shingoni.

Mimi nafua mashuka katika nyumba ya wageni, naingia saa moja asubuhi natoka saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo alfajiri nilimpikia uji, nikamwekea chakula cha mchana sebuleni kimefunikwa sahani, na jioni nikarudi kupika tena. Kupika si kipaji changu, na jambo hili halihitaji shahidi.

"Wifi," aliniambia siku moja, kijiko kikiwa hewani, "hii supu umeipika au umeifua?"

"Nimeifua. Kesho nitaipiga pasi."

Tulicheka, lakini aliila kama mtu anayemeza dawa. Kilichomuumiza zaidi si supu. Kilichomuumiza ni kwamba kiti chake hakikupita kwenye mlango wa jikoni. Alikaa pale nje ya kizingiti akinielekeza, jioni hadi jioni, na mimi sipendi kuelekezwa.

"Vitunguu vinaungua," alisema jioni moja.

"Haviungui."

"Nasikia harufu, wifi."

"Basi njoo uvigeuze wewe!"

Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu huu nilisema. Alizungusha magurudumu, akaenda sebuleni, na nikasikia kiti kikigonga meza ndogo kwa sababu machozi hayakumwacha aone anapokwenda. Nilivigeuza vile vitunguu peke yangu, na vilikuwa vimeungua.

Sasa, wifi ana binti mmoja, mwalimu wa hesabu katika mji mwingine. Hata sisi nyumbani tunamwita Mwalimu, maana tangu akiwa na miaka sita alikuwa anasahihisha watu wazima. Ni mrefu kama marehemu baba yake, akiingia mlangoni kwetu anainama. Likizo ile alikuja bila kutoa taarifa, akaingia saa nane mchana, akamkuta mama yake na chakula kilichopoa mapajani. Kijiko kilikuwa kimemdondoka tangu saa sita, kiko sakafuni, na yeye amekaa anakitazama.

Jioni, niliporudi kazini, nilikuta mazungumzo yamechemka.

"Mama, twende kwangu."

"Kwako wapi? Ghorofa ya nne?"

"Kuna chumba kizima hakina mtu."

"Na lifti ipo?"

Lifti haipo. Kuna ngazi sitini na nne, yeye mwenyewe ndiye aliyetuhesabia siku alipohamia.

"Nitatafuta vijana wakubebe," alisema.

"Wa kunipandisha utawapata. Wa kunishusha kila nikitaka kunusa hewa utawapata wapi? Kule nitakuwa sanduku la vyombo vya wageni, mwanangu. Linapandishwa juu ya kabati, linakaa mpaka lihitajike."

"Na hapa ni nini, mama? Unashinda peke yako, unakula chakula baridi. Shangazi anajitahidi, najua, lakini..." Alitazama sufuria yangu ya supu, akaacha sentensi bila mkia. Nilimwona. Nikameza.

Wifi alishika magurudumu kwa mikono miwili. "Shida ni jiko tu. Nikiweza kuingia jikoni nitajipikia, na nikijipikia nitakaa nyumbani kwangu. Nipe mpaka likizo ijayo."

Mwalimu alifikiri, kisha akatoa masharti kama anayetunga mtihani. Miezi mitatu. Akija, mama atapika chakula kimoja kamili, mwanzo mpaka mwisho, na shangazi hatagusa hata kijiko. Akiweza, Mwalimu atanyamaza moja kwa moja. Asipoweza, nyumba inafungwa na safari ni ya ghorofa ya nne. Aliandika na tarehe. Ndivyo alivyo, hata mapenzi yake yana ratiba.

Tukamwita fundi seremala. Ni mtu wa makamo, mtengeneza milango na madawati, mwenye haya kupita kiasi. Tunamwita Fundi Taratibu kwa sababu neno lake ni hilo moja. Analisema akipima, analisema akikata, na hata nyundo ikimpiga kidole analisema, ila kwa sauti nyingine. Aliingia jikoni akatazama mlango mwembamba unaofungukia ndani, kizingiti cha saruji, meza ya saruji inayonifika mimi kiunoni na wifi kidevuni, sinki lenye kabati chini yake, na rafu ambazo hata kaka yangu alizifikia kwa ncha za vidole. Akatikisa kichwa. Akasema kesho atakuja kumpima mama mwenyewe kwenye kiti chake.

Kesho yake wifi aliamka mapema. Nilipoingia nilimkuta kavaa gauni la kijani lenye vifungo vya lulu, hereni masikioni, nywele zimechanwa zikalala. Juu ya mto wa kiti aliopewa hospitalini alikuwa ameongeza mto wa sebuleni, ule aliotarizi mwenyewe, ambao wageni huruhusiwa kuutazama tu.

"Wifi, unapimiwa jiko au unachumbiwa?"

"Sitaki fundi anione nimelala kwenye kiti kama gunia."

Alikaa wima, shingo juu, mabega nyuma. Fundi Taratibu naye, kwa heshima, hakutaka kumsogelea mama wa watu. Alisimama mbali kidogo, akampa ncha ya futi aishike mwenyewe, akageuza macho ukutani. Alipima mara moja tu, magoti, kiwiko, bega. Akaandika kwa penseli kwenye kipande cha ubao.

"Mama, uko sawa hivyo?"

"Niko sawa, fundi."

Mimi nilikuwa nimeegemea mlango natafuna karanga. Niliona yote na sikuona kitu.

Kazi ilichukua wiki tatu. Mlango uling'olewa, tukaweka pazia. Kizingiti kilipigwa nyundo mpaka sakafu ikawa moja. Meza ya saruji ilivunjwa, na mahali pake fundi akaleta ile meza kubwa ya kukatia nguo kutoka kwenye kibanda alichokuwa akishonea wifi, akapunguza miguu yake kwa vipimo vya ubao, akaacha chini yake wazi ili magoti yaingie. Sinki jipya halina kina, na bomba lake lina mkono mrefu. Lile bomba la maji machafu chini ya sinki alilizungushia blanketi kuukuu, maana maji ya moto yakipita humo na paja likaligusa, mwenye paja hatajua. Rafu zikawa saraka za kuvuta. Jiko la gesi likakaa juu ya meza, karibu na dirisha.

Wifi alipoingia mara ya kwanza, aliingia bila kusukumwa na mtu. Alizunguka mzunguko mzima katikati ya sakafu, kisha akaenda kwenye meza, akapapasa alama za mkasi za miaka thelathini. Alilia waziwazi, na mimi nililia, na Fundi Taratibu akaenda kukagua pazia ambalo halikuwa na kasoro yoyote.

Mwezi ule niliishi kama mgeni wa heshima. Nikirudi kazini nakuta wali, nakuta maharage yenye nazi, nakuta mboga ambayo haijafuliwa na mtu. Nilipiga simu kwa Mwalimu kujisifu kwa niaba ya mama yake. Ni kweli kwamba wifi hakutaka nimtazame akipika. "Rudi wakati wako," alisema, "usije kuninusia." Ni kweli pia kwamba jioni alikuwa hoi, anajikanda mabega, na vitunguu vilivyokuwa vikikatwa vyembamba kama uzi sasa vilikatwa vipande vya kushibisha ng'ombe. Nilijiambia mikono imesahau, itakumbuka.

Wiki tatu kabla ya siku ya mtihani, Jumamosi, nilikuwa nafua nguo zake uani. Gauni la kahawia lilikuwa na doa la mviringo hapo mapajani. Nikalisugua, halikutoka. Nikachukua la pili, la bluu, na lenyewe lina mviringo huohuo, mahali palepale. Madoa ya chakula mimi nayajua, na ya chai, na ya damu. Hili halikuwa doa. Hiki kilikuwa kitambaa kilichoguswa na moto, na kwa mambo ya vitambaa vilivyoungua hakuna wa kunidanganya, ndiyo kazi inayonilisha.

Niliingia ndani na mikono ya povu. "Wifi, pandisha gauni."

"Una wazimu?"

"Pandisha nikuone paja."

Alipandisha. Juu ya paja la kulia kulikuwa na kidonda cheupe pembeni, chekundu katikati, ukubwa wa kitako cha sufuria ndogo. Kilikuwa kimeanza kutoa maji. Yeye mwenyewe alikitazama kama anakiona kwa mtu mwingine.

"Kimetoka lini hicho?" aliniuliza.

Aliniuliza mimi! Nilimsukuma mpaka zahanati bila hata kufunga mlango, na muuguzi alipokuwa anamfunga bandeji alimwambia kwamba angechelewa siku chache zaidi mambo yangekuwa mengine. Njia nzima ya kurudi sikumsemesha. Waliotufahamu walitupisha, maana mimi kunyamaza si dalili njema.

Tulipofika nyumbani nilifungulia.

"Unapakata sufuria ya moto mapajani! Kwa nini?"

"Kwa sababu sioni ndani yake."

"Huoni vipi?"

"Njoo." Alikwenda jikoni, akasogea kwenye meza, akakaa anavyokaa mtu aliyechoka, mgongo umejikunja kidogo. Meza ilimfika kifuani. Sufuria juu ya jiko, na jiko juu ya meza, ukingo wake ulikuwa sawa na nyusi zake. Alikuwa anapika kwa harufu na kwa masikio, na alipotaka kuona ameivisha au hajaivisha, alilazimika kuishusha sufuria mapajani juu ya kitambaa, aikoroge, aitazame, airudishe.

"Meza imezidi," nilisema. "Imezidi sana!"

"Vidole vinne."

"Yule fundi ni wa kutafutwa leo hii." Tayari nilikuwa najifunga kitambaa kichwani, tayari kwenda kumpa za uso.

"Vua kitambaa. Fundi hakukosea. Alipima alichokiona." Aliinamisha macho, na nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona kwa wifi yangu, aliona aibu. "Nilibana tumbo, wifi. Nilikaa wima, nikaweka mto wa sebuleni chini. Nimewapigia watu kelele miaka thelathini na moja, ilipofika zamu yangu nikafanya vilevile."

Nilicheka. Nisingeweza kujizuia hata kwa dawa. Yeye naye akacheka, tukacheka mpaka tukashika mbavu, na bandeji ile mpya pale pajani. Halafu hasira ikanirudia yote.

"Na mwezi mzima umenyamaza!"

"Ningesema nini? Niliulizwa kama niko sawa, nikasema niko sawa. Meza imeshakatwa. Mwalimu akisikia nimejiunguza bila kujua, unadhani atangoja tarehe?"

Asingengoja, na ningekuwa mimi nisingengoja. Nilikuwa na simu mkononi, jina la Mwalimu liko juu ya kioo, na niseme ukweli, nilitaka kubonyeza. Niliogopa. Sikutaka kurudi kazini siku moja nimkute amejichoma mpaka mfupa huku anaimba.

"Nipe wiki moja," alisema. "Meza imezidi, haikupungua. Kitambaa kikizidi kinapunguzwa. Wiki moja, wifi, na kabla haijaisha sitawasha moto bila wewe kuwepo."

Niliiweka simu mezani. Sikuiweka kwa hekima. Niliiweka kwa sababu ya vile vitunguu.

Fundi Taratibu alikuja Jumapili asubuhi. Nilitegemea wifi atazunguka maneno, lakini alimwambia palepale mlangoni, "Fundi mwenzangu, nilikudanganya. Nilikalia mto wa ziada."

Fundi alikuna kichwa. "Mama, ule mto niliuona. Niliona haya kuuliza."

"Basi leo haya tuiache nje na viatu. Leo unanipima nikiwa kazini, na hunipimi mpaka nisahau kama upo."

Alivaa gauni la kazi lililopauka, kitambaa cha kichwa, mto mmoja tu wa hospitali. Fundi alikalishwa pembeni juu ya ndoo iliyopinduliwa, chaki mkononi, amri ya kutojongea. Kazi yangu mimi ilikuwa kuongea. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliombwa kuongea. Wifi alimenya viazi, akakatakata karoti, akakanda unga, na mimi nikamsimulia kuhusu mgeni wa chumba namba tisa aliyefua soksi kwenye birika, na mke wa meneja anayejinyunyizia manukato mpaka mashuka yanapiga chafya. Robo saa ya kwanza alikuwa bado mtu wa picha. Nilipofika kwenye soksi mabega yalianza kushuka. Nilipofika kwenye manukato alikuwa amejikunja juu ya karai, anacheka, viwiko viko huru. Nikamkonyeza fundi. Akanyanyuka kwenye ndoo, akapiga mstari wa chaki ukutani usawa wa kiwiko, bila kusema hata taratibu.

Vilikuwa vidole vinne na nusu.

Fundi alichukua msumeno. Wifi akamzuia. "Usikate. Piga bandi kwanza."

Fundi hakujua bandi ni nini, na wifi akamweleza kama anavyowaeleza wanafunzi wake wa cherehani. Nguo ya maana haishonwi moja kwa moja. Unaishikiza kwanza kwa mishono mirefu iliyolegea, mteja anaijaribu, anatembea nayo, anainama, anainua mikono, unaona inapobana, unafumua, unarekebisha, na ndipo unashona. Basi jiko nalo lishikizwe kwanza. Fundi aliutoa uso wa meza kwenye miguu yake, akaulaza juu ya kreti za soda na matofali, mpaka kwenye mstari wa chaki. Jiko la gesi akalishusha kwenye kreti fupi ili vichwa vyake vya moto vilingane na meza, na sinki nalo akalishusha usawa huohuo. Kwa njia hiyo sufuria haibebwi tena, inasukumwa tu kutoka motoni mpaka mezani, kutoka mezani mpaka kwenye sinki.

Siku nne tuliishi na jiko lililoshikizwa. Jioni wifi alipika mbele yangu, na asubuhi fundi alipita kuongeza tofali hapa, kutoa ubao pale. Wifi alitaka pia kile kioo kikubwa cha kibandani, ambacho wateja walijitazamia, kining'inizwe kwa kuinama juu ya jiko ili aone ndani ya sufuria ya nyuma. Tukakining'iniza kwa jasho. Maji yalipochemka kioo kikajaa mvuke, hakuna kilichoonekana isipokuwa ukungu. Nilimwambia amevumbua dirisha la asubuhi ya baridi. Hakukasirika, alikihamishia ukutani mkabala na pazia, na tangu siku hiyo ukiingia kwa nyuma anakuona kabla hujamwona.

Siku ya tano alikaa mbele ya meza, akaweka viwiko, akatazama ndani ya sufuria bila kujivuta.

"Sasa shona," akamwambia fundi.

Mwalimu alikuja tarehe ileile aliyoiandika. Kabla hajaketi, wifi mwenyewe alimwambia habari ya paja, akamwonyesha kovu jipya, jekundu bado. Nilidhani mambo yameharibika. Mwalimu alikunja uso, akavuta pumzi ndefu, akasema, "Nitaona." Akasimama kwenye pazia amefunga mikono kifuani kama anasimamia mtihani wa taifa. Mimi nilikalishwa kwenye kigoda changu kifupi pembeni, mikono mapajani, na kuikalisha mikono yangu ilikuwa kazi ngumu kuliko kufua.

Wifi alipika. Alivuta saraka, akapima mchele kwa kikombe, akachambua, akaosha. Vitunguu vilikatwa vyembamba. Maharage yalichemka, akayatazama, akayaonja, akayaongezea chumvi, akaisukuma sufuria pembeni kwa kitambaa bila kuinyanyua hata kidogo. Alipofika kwenye mboga, mfuniko ulimponyoka, ukalia sakafuni, ukabingirika mpaka chini kabisa ya sinki.

Mwalimu akachomoka. Nilimshika gauni. Alinigeukia na macho ya baba yake, na mimi nikamkazia macho ya shangazi yake.

Wifi hakututazama. Alinyoosha mkono nyuma ya pazia, akachukua ile fimbo yenye ndoano aliyokuwa akishushia magauni yaliyotundikwa juu kibandani. Akaingiza chini ya sinki, akatafuta, akakosa. Akatafuta tena. Ndoano ikashika kishikio cha mfuniko, akauvuta, akauosha, akafunika nao sufuria. Moto akaupunguza. Nilimpenda wifi yangu saa ile kuliko siku zote tulizoishi pamoja, na sikumwambia.

Tulikula. Mwalimu alikula sahani mbili, habari ya kuhama hakuitaja tena, na tulipomaliza alikusanya vyombo akaenda navyo kwenye sinki. Ni mrefu, nimeshasema. Sinki lilimfika mapajani. Alijikunja, akaosha sahani ya kwanza, akaosha ya pili, kwenye ya tatu akashika kiuno na kuguna.

"Mama! Jiko gani hili? Mtu mzima anavunjika mgongo."

"Jiko la wanaokaa," alisema wifi. "Vuta kigoda."

Alikaa kwenye kigoda changu, magoti yakamfika karibu na masikio. Nilicheka kwa sauti. Wifi hakucheka. Alitoa futi shingoni, akasogea karibu.

"Kaa nikupime. Fundi atakutengenezea kigoda chako."

Mwalimu alijinyoosha mara moja. Mgongo wima, kidevu juu, kama yuko mbele ya darasa. Wifi alijitia kutafuta chaki. Aliuliza habari za shule. Aliuliza kama maji siku hizi yanapanda mpaka ghorofa ya nne. Aliuliza jioni anakula na nani.

"Sili na mtu," alisema Mwalimu. "Nakula huku nasahihisha madaftari."

"Na Jumapili?"

"Jumapili nalala." Akatazama mikono yake yenye povu. "Siku nyingine nafika chini ya zile ngazi, natamani kukaa palepale nisipande."

Alikuwa anaongea na mabega yanashuka, kidogo kidogo, mgongo ukajikunja, kichwa kikainama, na kwa mara ya kwanza tangu ajali nikamwona mtoto wetu alivyochoka. Naye pia alikuwa amekumbatia jora lake muda wote huu. Wifi aliuacha mgongo ule ujikunje mpaka ulipotaka kufika. Hapo ndipo aliponyoosha futi, kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko cha binti yake, akapiga mstari wa chaki ukutani, chini ya mstari wake mwenyewe, na pengo lile ndilo la kuongezwa kwenye kigoda.

Mwalimu aliitazama ile mistari miwili.

"Kitakuwa tayari lini?" aliuliza.

"Ukija likizo ijayo utakikuta hapa."

Mwalimu alifuta macho kwa mgongo wa mkono, akachukua sahani ya nne.

"Basi mwambie fundi akiwekee mahali pa kuegemea," alisema, na wifi akaandika ukutani.